Mwaka Tulipoyafunika Mahindi

Habari za kifo cha Minza zilinikuta dukani kwangu Buhongwa, nikimpimia mteja mbegu za mchicha. Aliyepiga simu ni mwanawe mkubwa, Lukasi, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyekwisha kuirudia habari hiyo kwa watu wengi tangu asubuhi. "Mama mdogo, mama ametutoka," alisema. Nikakaa kwenye kiti. Nikamuuliza maswali yale ambayo mtu huuliza ili asilie mapema: alikuwa hospitali au nyumbani, nani alikuwa naye, mazishi lini. Akasema mazishi ni kesho, huko huko Sengerema. Nikauliza bila kufikiri kama hawatamvusha kumpeleka nyumbani. Akauliza kwa upole, "Nyumbani wapi, mama?" Lukasi amezaliwa Sengerema. Hakuwahi kuambiwa kwamba upande wa pili wa ghuba kuna kijiji, ukipita Usagara na kushuka kuelekea majini, ambako bibi yake alikuwa na nyumba ya matofali na shamba lililoishia karibu kabisa na ziwa. Nilimwambia nimechanganyikiwa tu, asinijali. Nikafunga duka.

Katika maisha yangu ipo miaka mingi ambayo nikiitafuta siioni. Najua niliishi, nilikula, nilizaa, nilihama nyumba, lakini ukiniambia nikusimulie siku moja ya mwaka fulani nitakosa la kusema. Mwaka nilioishi na Minza haukunitoka hata kidogo. Naweza kukuambia mpaka leo jinsi dirisha la chumba chetu lilivyokuwa likigoma kufunguka wakati wa mvua, na jinsi mbao zake zilivyokauka na kuachia nyufa mvua zilipokatika. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, kijana, na kituo kimoja cha utafiti kilinichukua kwa msimu mmoja nisimamie jaribio la mahindi. Mkuu wa jaribio alikuwa Daktari Kamugisha, mtu mrefu, mpole, aliyevaa shati la mikono mirefu hata kwenye jua kali, na mwenye tabia ya kuinama kushika jani kabla hajamsalimia mwenye shamba. Eneo la jaribio alilikodi kwa mama mmoja mjane aitwaye Nyanzobe. Kijijini walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nami nikamwita hivyo hivyo. Minza alikuwa binti yake wa mwisho, rika langu, na ndiye niliyepewa kulala naye chumba kimoja.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, na kati yake magunia ya mbolea ambayo tuliyafanya meza. Kilinuka dagaa, kwa sababu chanja cha kuanikia kilikuwa nje ya dirisha, na baada ya wiki moja sikuisikia tena ile harufu. Minza alikuwa na gauni moja la kitambaa cha zambarau alilolitundika ukutani juu ya kitanda chake, halivaliwi. Lilikuwa la siku yake ya kuolewa. Alikuwa amechumbiwa na Shija, kijana wa jirani yao Masanja, na mambo yalikuwa yamefika mahali pa kungoja mavuno tu. Asubuhi tulikunywa uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na jioni tulikula ugali wa mhogo uliochanganywa na mtama, kwa dagaa wa nyanya au mlenda. Mayu alikula taratibu, akizungumza kati ya tonge na tonge, na hakuna chakula kilichokwisha bila kuniuliza jambo kuhusu kazi yetu. Hakuuliza kwa kunichunguza. Alitaka tu kujua kinachofanyika kwenye ardhi yake.

Kazi yenyewe Daktari aliieleza mbele ya kijiji kizima, kwenye darasa la shule. Alisema mahindi yana vipindi vyake, na kwamba wanataka kujua kiu huyaumiza zaidi katika kipindi kipi: yakiwa machanga, yakiwa yanachanua, au yakiwa yanajaza punje. Kwa hiyo shamba litagawanywa vitalu. Vingine vitanyimwa maji vikiwa vidogo, vingine wakati wa kuchanua, vingine baada ya hapo, na vingine vitamwagiliwa kutoka kwenye tenki msimu wote ili kuwe na cha kulinganishia. Nje ya zamu yake ya kiu, kila kitalu kitapewa maji ya tenki mvua ikikosa. Masanja alisimama nyuma ya darasa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mifugo, anayesikilizwa.

"Daktari, kiu tunaijua," alisema. "Swali langu ni hili. Mvua ikija mtafanyaje na hivyo vitalu mnavyotaka viwe na kiu?"

"Tutavifunika kwa nailoni."

Watu wakacheka. "Yaani mvua inakuja, nyinyi mnaikataa," Masanja akasema.

"Kwenye vitalu hivyo tu, mzee wangu."

"Haya," akasema akikaa. "Tumesikia."

Siku ile kilikuwa kicheko cha kawaida. Hata Mayu alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. Baadaye tulisimika mabomba yaliyopindwa juu ya vitalu, na kwenye ubavu wa kila kimoja tukaviringisha nailoni nyeupe iliyofungwa kamba. Wingu likionekana, mimi na vibarua tulikimbia kuivuta, na likipita tuliiviringisha tena ili jua lisipungue. Shida ilikuwa kuliona wingu mapema. Mvua za pale hutokea ziwani, zinakuja haraka, na ukiwa katikati ya mahindi umeinama huzioni. Mayu alikuwa akishinda uani akichambua dagaa, uso umeelekea majini, na Daktari akamwomba awe anatuita. Ndivyo ilivyoanza. Alikuwa na sauti kubwa kwa mwanamke mwembamba vile. "Modesta, wingu," aliita, na sauti ilifika mpaka kwa Masanja na kupita.

Vuli ilianza vizuri. Kijiji kizima kilipanda wakati mmoja, siku chache baada ya mvua ya kwanza, na sisi vilevile. Mahindi yalipofika magotini tulivifunika vitalu vya kwanza na kuvinyima maji. Kufika saa sita mchana majani yake yalikuwa yamejikunja kama sigara, rangi imegeuka kuwa ya kijivu, na Mayu alipita pembeni akisikitika kana kwamba ni mifugo yake imefungwa bila maji. Tulipofunua na mvua ikayafikia, yalijikunjua. Yalibaki nyuma kwa urefu, kisha yakaanza kuyakaribia mengine. Jioni ile Mayu aliniuliza imekuwaje. Nilimweleza kwamba hindi changa likipata kiu bado mzizi wake unashuka kutafuta, na jani lake likisimama kukua linaweza kuanza tena. Kinacholimaliza ni kiu ya wakati wa kuchanua.

"Kwa nini wakati huo?" aliuliza.

"Mbelewele ya juu inamwaga vumbi lake, mayu, kwa siku chache tu. Zile ndevu za gunzi zinatakiwa ziwe zimetoka, zilipokee. Mmea ukiwa na kiu, ndevu zinachelewa. Zikija kutoka, vumbi limekwisha."

"Kwa hiyo vinapishana."

"Vinapishana."

Minza alikuwa anasonga ugali, amegeukia moto. Akauliza bila kugeuka, "Na mvua ikija baadaye?"

"Bua litakuwa kijani. Gunzi litakuwa tupu."

Nikikumbuka sasa nyuso zetu zilivyokuwa pale jikoni, hakuna aliyekuwa na hofu. Ilikuwa habari ya kwenye vitalu vyetu, jambo la kituo cha utafiti, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Ilikatika baada ya Krismasi. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, maana kila mwaka Januari huwa na ukavu wake. Lakini ukavu ule ulikuja mapema na haukuondoka, na mahindi ya kijiji kizima, yaliyopandwa siku zile zile, yakaanza kutoa mbelewele kwa pamoja chini ya anga nyeupe isiyo na kitu. Na bado mawingu yalikuwa yanakuja. Hilo ndilo lililotumaliza. Alasiri nyingi wingu liliinuka ziwani, jeusi, zito, upepo ukabadilika, kuku wakakimbilia ndani. Mayu akaita. Sisi tukakimbia, maana vitalu vya kuchanua vilikuwa ndio vimefika wakati wake na tone moja la mvua lingeharibu kazi ya miezi. Tukavuta nailoni. Kisha wingu likapasuka vipande vipande, au likapita juu ya maji kwenda kunyesha ng'ambo, na jua likatoka tena. Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho, mpaka nikaanza kuiogopa sauti ya Mayu kabla hajaita. Mtu aliyesimama shambani kwake upande wa pili alisikia nini, aliona nini? Aliona wingu. Akasikia mwanamke akipiga kelele. Akaona watu wakikimbia na nguo nyeupe. Akaona wingu limeondoka.

Siku moja mimi na Minza tulikuwa tumekwenda ziwani kufua, tumekaa nyuma ya mwamba mkubwa ambapo upepo haufiki. Wanawake wengine walikuja upande wa pili na ndoo zao, hawakutuona. Mmoja alisema, "Jana nimelihesabia kabisa. Nikasema leo linanyesha. Amelifukuza tena." Mwingine akauliza nani. "Nani tena kama si Nyanzobe? Hukumsikia?" Wa tatu akasema waache, yule mama anafanya kazi ya wazungu wa kilimo, analipwa. Wa kwanza akajibu kwamba ndiyo, analipwa, na nani anajua kinacholipiwa ni nini. Hakukuwa na chuki katika sauti yake. Ilikuwa imechoka tu. Nilitaka kusimama niwaeleze. Minza alinishika mkono na kutikisa kichwa, akaendelea kufikicha shati kwa taratibu, hata sabuni ilipokwisha.

Tulimwambia Mayu. Aliacha kula kidogo, akafikiri. "Watasahau mvua ikija," alisema. Lakini kesho yake aliacha kuita. Alikuwa akija mwenyewe mpaka ukingoni mwa shamba na kunipungia mkono bila kusema, na hilo nalo watu waliliona, na nadhani lilionekana baya zaidi.

Masanja alinisimamisha mpakani katika siku hizo. Tulikuwa tumesimama kila mtu upande wake, mahindi yake yakinifika juu ya kichwa, bado ya kijani, na kwa mtu asiyejua yangeonekana yana afya. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akashika gunzi moja changa na kulielekeza kwangu kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda cha mwanawe. "Bibi shamba," alisema, "wewe umesoma haya. Mvua ikija wiki ijayo, si yatabeba?"

Niliyakagua. Mbelewele zilikuwa zimekwisha kumwaga, ukizitikisa hakitoki kitu. Ndevu ndio kwanza zilikuwa zinachungulia, fupi, kavu kwenye ncha. Nilifungua magunzi mawili matatu, hapa na pale. Hakukuwa na haja ya kufungua zaidi.

"Hayatabeba, baba," nilimwambia. "Bora ukate ya ng'ombe yakiwa bado na maji. Na kama mvua itakuja, upande viazi."

Aliliachia lile gunzi. "Hayatabeba hata yakinyeshewa?"

"Hata yakinyeshewa."

"Umejuaje?"

Nilimweleza kama nilivyomweleza Mayu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa heshima, akaenda zake. Nimeifikiria sana siku ile. Nilimwambia ukweli, na ningeulizwa leo ningejibu vile vile, maana ng'ombe wake wangepata malisho na mke wake angewahi mbegu za viazi. Lakini yeye alichokipeleka nyumbani ni kwamba huyu binti wa kwa Nyanzobe amesema mahindi yetu hayatazaa, na mvua ikinyesha hayatazaa, na amelisema hilo wakati shamba lingali kijani. Hakuna kitu kibaya kama kuujua mwisho wa jambo ambalo mwenzako bado ana matumaini nalo. Nilitembea katikati ya mashamba ya kijiji kile wiki zile na kuona watu wakipalilia, wakiweka udongo kwenye mashina, wakiangalia ziwani, na mimi nikijua kwamba wanahudumia mabua.

Mayu hakukubali. Alisema mimi ninajua ya shule, yeye ana mikono. Shamba lake mwenyewe, lililokuwa pembeni ya jaribio, lilikuwa kubwa kutushinda, lakini kona ya chini ilikuwa karibu na maji, na kona ile alikuwa amechelewa kuipanda, hivyo mbelewele zake zilikuwa bado. Tukaanza kubeba ndoo. Yeye, Minza na mimi, asubuhi kabla ya jua kali na jioni baada ya kazi, kutoka ziwani kupanda kile kilima kifupi chenye mawe, tukimimina kila shina kikombe kikombe. Shingo zilituuma hata tukashindwa kugeuka kitandani. Minza aliteguka kifundo cha mguu na hakuacha. Na ile kona ikabeba. Ndevu zilitoka kwa wakati, laini, za rangi ya waridi, na baada ya muda magunzi yakajaa mkononi. Ilikuwa sehemu ndogo, isiyoweza kujaza hata gunia, lakini katika kijiji kizima yalikuwa ndiyo mahindi pekee yaliyozaa, ukiacha vitalu vyetu vilivyomwagiliwa kwa tenki. Watu walituona tukibeba maji. Walituona kila siku. Bado walipopita na kuona magunzi yale hawakuona ndoo. Wenye mashamba ya juu, mbali na ziwa, hawakuwa na kona ya chini.

Maneno yalimfikia Daktari Kamugisha kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuja, akakaa uani na Mayu, akanywa maji, akashika kichwa. Alisema haiwezekani mama apate matatizo kwa ajili ya jaribio. Kazi ya vitalu vya kujaza punje ilikuwa haijakwisha, lakini aliamua mapaa yote ya nailoni yaondolewe siku hiyo hiyo, watu waone. Tulifungua kamba, tukakunja nailoni, tukang'oa mabomba na kuyapakia kwenye gari mbele ya macho ya kijiji. Watu walisimama barabarani wakitazama. Mayu alipumua. Usiku tulikula kwa amani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Minza akalishusha lile gauni ukutani akalipiga pasi.

Mvua ilinyesha keshokutwa yake.

Ilianza asubuhi ikanyesha mpaka jioni, na siku iliyofuata ikarudia. Nilisimama mlangoni nikiitazama, maji yakikimbia katikati ya mistari ya mahindi, na nilijua kabla ya mtu yeyote kusema neno kwamba tumekwisha. Mayu alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yangu. Alisema, "Ingesubiri kidogo," kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu. Wiki zile mabua ya kijiji yaligeuka kijani kibichi, mazuri kuyatazama. Watu wakafungua magunzi yao wakakuta punje tatu hapa, mbili pale, na pengine hakuna kabisa.

Mkutano uliitishwa kwenye darasa lile lile. Daktari alisema karibu yote niliyoyaandika hapa, kwa ufasaha, akachora hata gunzi ubaoni, na watu wakamsikiliza kimya bila kumkatisha. Alipomaliza, Masanja alisimama. "Daktari, wewe hatuna neno nawe," alisema. "Wewe ni mgeni, umetumwa kazi, umefanya, na ulipoombwa ukaondoa. Tunakushukuru. Sisi tunamuuliza huyu mwenzetu aliyekuwa akiita."

Mayu alisimama. Alikuwa amevaa kanga yake ya kwenda kanisani. "Nilikuwa namwita Modesta aje afunike," alisema. "Sikuwa naliita wingu. Masanja, mimi na wewe tumezika watu pamoja. Mahindi yangu ya juu yamekufa kama yako. Nenda kayatazame."

"Na ya chini?" mtu aliuliza.

"Ya chini niliyabebea maji kichwani."

Nilisema pia. Nilisema sisi ndio tulioomba aite, na kwamba wingu haliwezi kusikia. Mwenyekiti aliniambia niketi, kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto wa mtu. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walikubaliana atengwe. Maana yake, nilijifunza siku zilizofuata, ni kwamba hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumwazima moto wala jembe, mashine ya kusaga haipokei debe lake, na akifiwa azike mwenyewe. Nilikwenda mashineni na yale mahindi ya kona ya chini nikidhani mimi mgeni nitapokelewa. Msagaji aliyatazama, akaniambia mashine imeharibika, huku inanguruma nyuma yake. Tulitwanga kwa kinu. Ugali wa mahindi yale ulikuwa mweupe na mtamu, na hakuna kati yetu aliyeweza kumaliza.

Masanja alituma wazee wawili kusema kwamba mambo ya uchumba yamefika mwisho. Waliongea wakiwa wamesimama nje ya ua, hawakuingia. Minza aliwasikia kutoka chumbani. Shija mwenyewe alikuja mara moja, mchana, akasimama mbali karibu na mwamba, na Minza akatoka wakatazamana. Sijui kama walisema kitu. Aliporudi alilikunja lile gauni akaliweka chini ya godoro, na hakulia mbele yangu wala sikumsikia akilia.

Tukiwa ziwani asubuhi moja tuliona moshi. Tulipofika juu, paa la jiko lilikuwa limekwisha kuanguka ndani, na chanja cha dagaa kilikuwa kinamalizikia. Nyumba haikushika. Majirani walikuwa mashambani mwao, karibu kabisa, wameinama wakipanda viazi. Hakuna aliyeinua kichwa. Mayu alizunguka lile jivu mara moja, akaokota mwiko ulioungua nusu, akautupa. "Twende kwa kaka yangu," alisema, na kaka yake alikuwa Sengerema. Niliwasindikiza mpaka kwenye kivuko. Mbuzi wawili, godoro, magunia, sufuria zilizobaki nyeusi. Mayu hakugeuka kuangalia nyuma, ila Minza aligeuka, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikimpungia kwa bidii kama mjinga, kana kwamba wanakwenda kutembea.

Mayu alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Nilikwenda kumwona mara chache. Alikaa nje ya nyumba ya kaka yake ameupa mgongo upande wa ziwa, na wingu likitanda aliingia ndani akafunga mlango. Waliokuwa wakiishi naye walidhani anaogopa radi. Jaribio letu nalo lilikwisha likiwa na upungufu, lakini Daktari aliandika kilichopatikana: mahindi yaliyopata kiu yakiwa machanga yalizaa karibu sawa na yaliyomwagiliwa, na yaliyopata kiu wakati wa kuchanua hayakuzaa kitu cha maana. Alinitumia nakala. Niliisoma kurasa zote, nzuri, sahihi, na nikafikiri kwamba matokeo yale yale yalikuwa kwenye kila ghala la kijiji kile, bila mtu kuyaandika. Mimi sikurudi kwenye utafiti. Minza aliolewa Sengerema na fundi cherehani, mtu mwema, akazaa wanne, na katika miaka yote tuliyotembeleana hatukuzungumza habari za mwaka ule. Mara moja tu, tukila, mtoto wake mmoja alipiga kelele uani, "Mama, wingu, nguo zitalowa," na Minza akaacha kijiko, akakaa hivyo mpaka mtoto akazianua nguo mwenyewe.

Mazishi yalikuwa makubwa. Nilikaa na wanawake chini ya turubai, nikachambua mchele, nikaimba nilipoweza. Tulipokuwa tunarudi kutoka kaburini mtu alinigusa begani. Alikuwa mzee, amekonda, anategemea mkongojo, na ilinichukua muda kumtambua kwa sababu Masanja niliyemjua alikuwa na mabega. Nilimwamkia shikamoo kabla sijajua kama ninataka. "Marahaba, bibi shamba," alisema. Amevuka peke yake, alisema, Shija ni mgonjwa, hakuweza kuja. Alisikia habari sokoni Usagara. Tulisimama kando ya njia, watu wakitupita.

"Nimekuja kwa jambo moja," alisema. "Sisi wa kule tumezeeka. Wengi wamekufa. Sikutaka huyu mtoto azikwe na lile neno." Aliuhamishia mkongojo mkono wa pili. Nilihisi kifua changu kikifunguka, kwa sababu nilifikiri ninajua anakwenda kusema nini, na nilikuwa nimelisubiri zaidi ya nusu ya maisha yangu. "Mwambie kijana wake," aliendelea, "kwamba tulishamsamehe bibi yake. Na mama yake. Waje nyumbani wakitaka. Shamba bado lipo."

Nilimtazama usoni. Hakukuwa na hila. Alikuwa amevuka maji na miguu yake mibovu kuleta kitu alichokiona kuwa kizito na kizuri.

"Baba," nilimwambia, "mvua ile ingekuja tu. Tungekuwa na mapaa au tusingekuwa nayo."

Aliinamisha kichwa polepole, akakubali kama mtu anayekubali maneno ya mfiwa. "Mliyaondoa ikanyesha, mwanangu," alisema. "Yamepita hayo."

Akanipa mkono, nikaupokea. Akaondoka kuelekea barabarani kutafuta usafiri wa kurudi kivukoni kabla giza halijaingia. Lukasi alinikuta nimesimama pale pale. Shati lake lilikuwa na udongo wa kaburi. Aliuliza yule mzee ni nani, mbona hakukaa kula.

"Jirani wa zamani wa bibi yako," nilisema.

"Amesemaje?"

"Amesema poleni sana."

"Ni mtu mwema," Lukasi alisema, akanishika mkono tukarudi kwa wengine.